Nani Ana Ruhusa ya Kujibu? Kampuni kubwa ya mizigo inapoingia mitandao ya kijamii

Mtunza ghala alipiga picha mbili. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, ghalani, jirani na bandari ya Kigoma. Mvua ya usiku ilikuwa imepenya kwenye turubai la lori, na mifuko kumi na minne ya saruji ilikuwa imelowa upande mmoja. Picha ya kwanza aliipiga kwa mbali ili mstari wa unyevu uonekane. Ya pili aliipiga kwa karibu, kiganja chake kikiwa kimebonyeza mfuko ulioanza kuganda. Akazituma. Dakika mbili hazikuisha, ujumbe wa sauti wa mteja ukaingia kutoka ng'ambo ya ziwa Tanganyika, Kalemie, Kongo: “Papa, hiyo mifuko uitenge, usiipakie. Ingine iende.” Upakiaji ukaanza. Hakuna barua iliyoandikwa wala mhuri uliogongwa, na mteja hakuja kulalamika baadaye, maana aliyaona maji kwa macho yake kabla mzigo haujagusa boti.

Wakati huo nilikuwa karani wa nyaraka katika kampuni ya mizigo yenye ghala hilo. Wiki ileile, ghorofani, menejimenti ilikaa kikao cha saa tatu kujadili kama kampuni iingie kwenye mitandao ya kijamii au iachane nayo. Hoja zilitolewa pande zote, kwa nia njema. Hakuna aliyesema kwamba kampuni ilikuwa imeshaingia zamani, kupitia mfuko wa shati la mtunza ghala. Mwenyewe hakuwemo kikaoni, na nadhani hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo.

Tangu siku ile nimeona kampuni kadhaa za Kigoma na Tabora zikilipitia swali hilohilo. Karibu zote zinaanza na ukurasa: tufungue Facebook, tutafute kijana wa kuposti. Mimi naamini ukurasa ni jambo la mwisho. La kwanza ni kuamua nani ndani ya kampuni ana ruhusa ya kumjibu mteja, kuhusu nini, bila kupanda ngazi kuomba kibali. Kampuni ikishindwa hapo, ukurasa wowote itakaoufungua utakufa.

“Sisi hatuuzi vitenge”

Kampuni ninazozisema ni zile zisizomuuzia mlaji. Zinauza kwa kampuni nyingine, kwa wakandarasi, kwa wafanyabiashara wa jumla, kwa mashirika. Msafirishaji anayeshusha saruji kutoka kwenye mabehewa na kuivusha kwenda Bujumbura au Uvira ni mmoja wao. Wakala wa forodha ni mwingine. Anayenunua chumvi ya Uvinza kwa tani ni mwingine, na kule Tabora wapo wanaokusanya tumbaku na asali za kwenda viwandani, bidhaa ambazo mlaji wa mwisho hatajua zilipita mikononi mwa nani.

Kigoma imelelewa na biashara ya namna hiyo. Reli ya Kati ilifika hapa 1914, kilomita zaidi ya elfu moja na mia mbili kutoka Dar es Salaam, na tangu hapo mji wetu unaitwa mwisho wa reli. Kwa mfanyabiashara wa mizigo, hata hivyo, hapa ndipo safari ya pili inapoanza: ziwa Tanganyika linagusa nchi nne, na upande wa pili wako Warundi, Wakongomani na Wazambia wanaosubiri. Kampuni ya mizigo inaweza kuishi miaka thelathini kwa wateja sitini, ambao mkurugenzi anawajua kwa majina, anajua watoto wao wanasoma wapi, na huwatembelea wakifiwa.

Kwa hiyo mzee mmoja aliposema kikaoni, “Sisi hatuuzi vitenge, wateja wetu wana namba zetu,” hakuwa anaongea ujinga. Biashara hii inakwenda kwa uaminifu uliojengwa uso kwa uso, na mkataba mmoja unaweza kuchukua miezi minane ya mazungumzo. Tangazo la rangirangi halimfanyi mtu ahamishe tani mia tano za sukari kutoka kwa msafirishaji wake wa siku zote. Yeyote anayewaambia wazee wa kampuni kwamba “posti” zitaleta wateja wapya mwezi ujao anawadanganya, na wakigundua hawatamsikiliza tena.

Lakini hoja ile ina shimo, nalo liko kwenye neno “mteja”. Kampuni inapomuuzia kampuni nyingine, mteja si mtu mmoja. Yuko mkurugenzi anayesaini. Yuko afisa manunuzi anayekusanya profoma tatu, yaani hati za bei kutoka kwa wauzaji tofauti, na kuzipanga mezani. Yuko mhandisi au fundi atakayesema bidhaa hii inafaa au haifai. Yuko mhasibu anayetaka kujua utampa siku ngapi za kulipa. Yuko msimamizi wa ghala kule ng'ambo ambaye ndiye atakayefungua turubai. Mkurugenzi wetu anamjua mkurugenzi wao. Wale wengine wanne hawajui, nao hubadilika kila baada ya miaka miwili mitatu.

Tazama kilichokuja na reli ya kisasa. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Kazi kubwa ya namna hiyo huja na wakandarasi wadogo, na kila mkandarasi huja na afisa manunuzi kijana ambaye hakukulia hapa, hamjui mzee yeyote wa Mwanga wala Ujiji. Kijana huyo kabla hajapiga simu ataandika jina la kampuni yako kwenye simu yake. Asipoona chochote, hatafikiri kwamba wewe ni wa zamani na unaheshimika. Atadhani umefunga.

Ukurasa uliokufa

Kampuni yangu, baada ya kile kikao, ilifungua ukurasa wa Facebook. Kazi alipewa mwanafunzi aliyekuwa anafanya mafunzo kwa vitendo, kijana mzuri, mwenye bidii. Aliweka nembo, picha ya jengo na salamu za Mwaka Mpya. Baada ya wiki nane muda wake ukaisha, akarudi chuoni na nywila kichwani mwake. Hakuna aliyemwomba aiandike mahali popote.

Miaka mitatu baadaye niliufungua ukurasa ule kwa sababu nyingine. Salamu za Mwaka Mpya zilikuwa bado ziko juu kabisa. Chini yake kulikuwa na maoni manne. Moja lilikuwa la Kifaransa, la mtu aliyejitambulisha kwamba yuko Bujumbura, akiuliza gharama ya kuvusha tani mia mbili za saruji na muda wa kusubiri bandarini. Wiki mbili baada ya hapo alikuwa ameandika tena, neno moja tu pamoja na alama ya kuuliza. Kisha kimya. Tani mia mbili si mzigo wa kuchezea. Nilikaa nikautazama ule ujumbe kwa muda mrefu, nikiona aibu kana kwamba ni mimi niliyeulizwa nikageuza uso.

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba tatizo halikuwa yule kijana. Hata kama angebaki, asingeweza kujibu. Bei ilikuwa kwa meneja biashara. Muda wa kusubiri ulikuwa kwa watu wa bandarini. Kifaransa kilikuwa kwa dada mmoja wa uhasibu aliyesomea Burundi. Na kuandika chochote kwa jina la kampuni kulihitaji saini ya mkurugenzi, kama barua. Swali lililohitaji mistari mitatu lingepita kwenye meza nne, na kila meza ingeogopa kuwa ya kwanza kusema. Kampuni kongwe zimejengwa hivyo kwa sababu: barua yenye nembo ni ahadi, inaweza kukupeleka mahakamani. Utaratibu ule ulilinda kampuni kwa miongo mingi. Ila uliundwa kwa ajili ya mawasiliano yanayochukua wiki moja kwenda na wiki moja kurudi, na mtu wa mtandaoni akikaa siku moja bila jibu anaona amedharauliwa.

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Maswali ya wateja hayana uzito sawa, na kampuni inayakosea pale inapoyapa yote uzito wa barua. Mzigo umeshuka? Boti limetoka saa ngapi? Ghala linafunguliwa Jumamosi? Haya mtunza ghala, karani wa nyaraka au mlinzi wa zamu anayajua kuliko mkurugenzi, na wanapaswa kuyajibu papo hapo, kwa jina la kampuni, bila kuuliza mtu. Yako maswali ya bei, ya mkopo, ya hati: hayo mwenye simu asiyajibu mwenyewe, lakini ana wajibu wa kusema ndani ya saa moja kwamba swali limefika, litajibiwa na fulani, leo kabla ya saa kumi. Yako na mambo ya mzigo uliopotea, boti lililopata ajali, mtu aliyeumia, chombo cha habari kinachouliza. Hayo yanakwenda kwa mkurugenzi moja kwa moja, usiku au mchana, na hakuna mwingine anayeandika hata herufi moja mpaka mkurugenzi aseme.

Mpangilio huo unaenea kwenye karatasi moja, na naomba uandikwe kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza cha sera kinachofungiwa kabatini. Ubandikwe ghalani. Na uwe na mstari mmoja ambao kwa maoni yangu ni muhimu kuliko yote: mfanyakazi aliyejibu ndani ya mipaka yake, akakosea kwa nia njema, kosa ni la kampuni. Bila mstari huo hakuna atakayejibu. Watu wa maofisini kwetu wameona wenzao wakiitwa kujieleza kwa maandishi kwa sababu ya sentensi moja, na wamejifunza kwamba kimya hakimfukuzishi mtu kazi.

Waliofanya hivyo kabla yetu

Mfano ninaoupenda unatoka mbali, lakini ni wa watu wa kazi moja na sisi. Maersk ya Denmark ilianzishwa 1904, na mwaka 2011 ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote duniani kwa kusafirisha makontena. Wateja wake ni kampuni, na hakuna mtu wa kawaida anayenunua safari ya kontena. Mwaka huo ikaingia kwenye mitandao ya kijamii kwa mara ya kwanza, kazi ikianzishwa na mtu mmoja, Jonathan Wichmann, kwa bajeti ndogo.

Hakuanza na matangazo. Alikwenda kwenye hazina ya picha za kampuni, maelfu ya picha za meli za zamani na mpya, akaanza kuzionyesha na kuzisimulia. Mabaharia wakajitokeza kusema nilikuwa kwenye meli hii. Watu waliopenda meli tangu utotoni wakaja. Ndani ya miaka michache wafuasi wa Facebook walikuwa mamia ya maelfu. Wengi wao hawakuwa wateja, na kampuni ililijua hilo. Mazungumzo ya kibiashara yalipewa mahali pake, LinkedIn, ambako watu huingia wakiwa na vyeo vyao vya kazini. Kila mtandao ulipewa kazi yake.

Mwaka 2012 meli yao iitwayo Maersk Norwich iliingia bandari ya Rotterdam ikiwa imebeba nyangumi aliyekufa kwenye pua ya meli. Ile ni picha ambayo kampuni yoyote ingependa isionekane. Wao waliiweka wenyewe, wakaeleza kilichotokea, wakasema wanasikitika. Watu waliwapokea kwa ubinadamu uleule. Nikiitazama habari ile namkumbuka mtunza ghala wetu na kiganja chake juu ya mfuko uliolowa: ukionyesha hasara mwenyewe, mapema, mteja anaendelea kukuamini hata pale unapompa habari mbaya.

Sisi nasi tuna hazina zetu. Meli ya Liemba, iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ilibomolewa vipandevipande, ikaletwa kwenye masanduku mpaka Kigoma, ikaunganishwa hapa na kuingia majini 1915. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na ikarudi kazini 1927. Habari hiyo kila mtoto wa Kigoma anaijua nusunusu. Katika makabati ya kampuni za hapa kuna madaftari ya shehena, picha za makuli wakibeba magunia kwa vichwa, ramani za njia za ziwani zilizochorwa kwa mkono. Afisa manunuzi wa Lusaka akiona kwamba umekuwa ukivusha mizigo kwenda Mpulungu tangu kabla hajazaliwa, ameambiwa jambo ambalo tangazo haliwezi kumwambia.

Simu ya nani, lugha ya nani

Kwa ziwa hili, WhatsApp ndiyo ofisi. Facebook inasaidia mtu akutafute akupate, LinkedIn inafaa kama mnazungumza na makao makuu ya wakandarasi au wanunuzi wa asali walioko Ulaya, na video fupi za namna ya kufunga mzigo usilowe zinaweza kuwekwa YouTube zikafanya kazi miaka. Lakini biashara ya kila siku inapita WhatsApp, kwa hiyo huko ndiko uangalifu mkubwa unakohitajika.

Kosa la kwanza ni kuwaweka wateja wote kwenye grupu moja. Nimeona likifanyika. Meneja alitengeneza grupu la “Wateja Wetu Wapendwa”, akawaingiza watu arobaini. Ndani ya grupu kila mmoja anaona namba ya mwenzake. Kwa muuza nguo haina shida. Kwa kampuni inayouzia kampuni, umeichapa orodha ya wateja wako na kumgawia kila mshindani aliyemo, na umewafanya wafanyabiashara wawili wa Uvira wanaogombea soko moja wajue kwamba wote wananunua kwako. Jioni ya siku ile mmoja alimpigia mwenzake kumuuliza anauziwa kwa bei gani. Kuanzia kesho yake simu za kudai punguzo hazikukatika. Ipo njia ya kutuma tangazo moja kwa watu wengi ambapo kila mmoja analipokea peke yake. Linamfikia tu aliyehifadhi namba yako, na hilo ni jema, maana hao ndio wanaokutaka.

Kosa la pili ni simu binafsi. Ile laini ya mtunza ghala ilikuwa yake. Mazungumzo ya miaka sita na wateja kumi na tisa, picha za kila hitilafu, ahadi zilizotolewa na zilizotimizwa, vyote vilikuwa kwenye simu ambayo mtoto wake alikuwa anachezea gemu jioni. Ingeibiwa pale Kibirizi sokoni, au yeye angehamia kwa mshindani, kampuni ingepoteza kumbukumbu ambayo haikujua kama inayo. WhatsApp ya biashara, iliyoanza 2018, inaruhusu namba moja ya kampuni isomwe kwenye vifaa zaidi ya kimoja, kuweka lebo kwa kila mazungumzo, na kuandaa majibu ya maswali yanayojirudia. Laini isajiliwe kwa jina la kampuni. Ikae ghalani mchana na kwa mtu wa zamu usiku. Hilo ndilo badiliko dogo lenye faida kubwa kuliko yote niliyowahi kuyashuhudia, na gharama yake ni bei ya simu moja.

Lugha nayo ina neno. Kampuni zetu zikitaka kuonekana kubwa huandika Kiingereza. Lakini mteja wa Bujumbura anaandika Kirundi, Kifaransa na Kiswahili, wa Kalemie anaandika Kiswahili chake na Kifaransa. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha sote ziwani, na kampuni ya Kigoma inayo bure. Sentensi mbili za Kifaransa chini ya tangazo la Kiswahili zingemfikia yule mtu wa tani mia mbili. Kiingereza kiachiwe wanaokihitaji: Mzambia, mkandarasi wa kigeni, mnunuzi wa ng'ambo.

Hofu zenye haki

Wazee wa kampuni wakisema mitandao ni hatari, wasikilizwe, kwa sababu baadhi ya wanayoyaogopa ni ya kweli.

Picha ya ghala inasema mengi kuliko mpigaji anavyodhani. Alama ya mteja kwenye mifuko, namba ya lori, karatasi ya bei iliyoachwa juu ya meza nyuma, hati ya shehena iliyobandikwa kwenye boksi. Mshindani huisoma picha hiyo kama gazeti. Mwizi naye huisoma, hasa ikiwekwa kabla mzigo haujafika. Utaratibu mzuri ni kumtumia mteja picha ya mzigo wake siku hiyohiyo, kwake peke yake, na kuiweka hadharani baada ya mzigo kupokelewa na mwenyewe kukubali. Wapo wateja ambao hawatakubali kamwe. Ni haki yao.

Kuna matapeli. Katika biashara ya kampuni kwa kampuni malipo ni makubwa, na tapeli anahitaji kufanikiwa mara moja tu. Anafungua ukurasa wenye nembo yako, au anamwandikia mteja wako kwamba akaunti ya benki imebadilika. Wengi hudhani kukaa nje ya mitandao kunakinga. Kinyume chake, kampuni isiyo na ukurasa wake halisi ndiyo rahisi kuigizwa, kwa kuwa hakuna wa kulinganisha naye. Andika wazi, pahali pa kudumu, kwamba namba ya akaunti ya benki haibadilishwi kwa ujumbe wa simu, na anayeupata ujumbe kama huo apige simu ofisini kwanza.

Sheria nazo zipo na zinahusu ghala kama zinavyohusu gazeti. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa taarifa za uongo na pia kumtumia mtu ujumbe asioutaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na ina tume yake. Jina, namba ya simu na picha ya dereva au kuli ni taarifa zake. Kabla ya kumweka kwenye ukurasa wa kampuni, muulize, na akikataa usimweke. Nasisitiza kwa sababu kampuni hupenda sana picha za makuli wakitoka jasho, na mara nyingi wao ndio watu pekee ambao hawakuulizwa.

Kisha kumbuka kwamba ukurasa si mali yako. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini. Aliyekuwa ameweka mawasiliano yake yote huko alilala nayo akaamka hana. Orodha ya wateja, mazungumzo muhimu na makubaliano yahamishiwe kila wiki kwenye daftari au kompyuta ya kampuni, kama ambavyo mhasibu hafungi mwezi bila kuandika vitabu.

Tunahesabu nini

Meneja wetu mmoja aliwahi kuuliza kwa nini posti ina “likes” kumi na moja tu. Kati ya wale kumi na mmoja, watatu walikuwa maafisa manunuzi wa kampuni ambazo tulikuwa tunazifuatilia mwaka mzima. Kwa kampuni ya wateja sitini, hesabu za wasanii hazina maana. Yafaa kuhesabu vitu vitatu: swali la mteja limekaa muda gani bila jibu, simu za “mzigo wangu uko wapi” zimepungua kiasi gani, na mteja mpya alipokuja, alitujuaje. Hili la mwisho linaulizwa kwa mdomo, mezani, siku ya kwanza, na jibu linaandikwa. Mwaka mmoja wa kufanya hivyo utamwambia mkurugenzi zaidi ya ripoti yoyote ya kununua.

Kampuni yangu ilichukua miaka minne kufika pale. Haikuajiri mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Ilinunua simu moja, ikasajili laini kwa jina lake, ikamwita mtunza ghala ghorofani, safari hii akakalishwa kwenye kiti cha mkutano, na wakamuuliza yeye huwa anajibuje. Karatasi iliyobandikwa ghalani iliandikwa kutokana na maneno yake. Dada wa uhasibu alipewa saa moja kila asubuhi kusoma ya Kifaransa. Ukurasa wa Facebook ulifunguliwa upya mwisho kabisa.

Siku mtunza ghala alipostaafu nilikuwepo kuandika hati ya makabidhiano. Alikabidhi funguo tatu, daftari la zamu, koti la mvua na simu ya kampuni, akamwonyesha kijana anayempokea ni mteja yupi hupenda kutumiwa sauti na yupi hupenda picha. Akachukua kalamu kusaini. Kabla hajamaliza, simu ikaita, ilikuwa Kalemie. Kwa mazoea akanyoosha mkono, akausimamisha njiani, akamtazama kijana.

“Pokea,” akamwambia. “Jitaje jina.”